Bodi Iliyokula Mbuzi wa Paskali

Ninyi mlioingia ofisi ya ustawi wa jamii baada yangu mmeniomba niandike yale niliyojifunza kazini. Nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika habari za kupandishwa vyeo, kwa sababu cheo changu hakikumpatia mtu yeyote mahali pa kulala. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na sehemu kubwa nitaiandika kwa hasira. Nilijaribu kwanza kuiandika kwa upole, nikasoma nilichoandika, nikaona ni uongo.

Nilianza kazi Babati wakati mji huu ulikuwa bado chini ya Arusha na barabara kuu ilikuwa ya vumbi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kilimo, nacho kilinuka dawa ya mbegu mwaka mzima. Aliyenipokea ni Bi. Consolata, mwanamke mfupi, mkali, ambaye alikuwa ameikata miguu ya kiti chake ili asikae juu zaidi ya mtu anayekuja kueleza shida. Siku yangu ya kwanza alinituma kwenda kumwona mama mmoja aliyefukuzwa na mwenye nyumba. Nilirudi na taarifa iliyoanza kwa maneno, "Inasemekana mama huyu ni mlevi."

Bi. Consolata aliisoma akiwa amesimama. "Imesemekana na nani?"

"Na majirani."

"Wewe umemwona amelewa?"

"Sijamwona."

"Basi hii si taarifa, kijana. Huu ni umbea wenye mhuri."

Alinirudisha kwa miguu mchana ule ule. Kwa muda wote niliofanya kazi chini yake, neno "inasemekana" lilikuwa marufuku katika chumba kile. Afisa aliandika "nimeona" au "sijaona", na kama hakuona, alikwenda kuona. Ndiyo sababu vifaa vyangu vya kwanza vya kazi vilikuwa mabuti ya mvua, baiskeli na paketi ya majani ya chai. Mabuti ni kwa ajili ya udongo wetu, ambao mvua ikinyesha humvua mtu viatu bila kumwomba ruhusa. Majani ya chai ni kwa sababu mtu aliyekosa makao amekwisha kuulizwa maswali na kila mtu, lakini ni wachache waliokaa naye mpaka maji yakachemka.

Alinifundisha pia kwamba mtu wa namna hiyo haulizwi kwanza kwao ni wapi. Swali hilo humfanya ajieleze kama mshitakiwa. Anaulizwa jana alilala wapi, kwa sababu jibu lake unaweza kwenda kulikagua kwa macho yako.

Kule Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, palikuwa na mzee aliyeishi ndani ya kichwa cha lori bovu. Nilielezwa kwamba ni mwendawazimu, kwamba haitikii salamu, na kwamba hurusha mawe. Nilikwenda nikaketi mbele yake mahali ambapo angeniona. Mzee yule alikuwa kiziwi. Aliwahi kuwa utingo wa lori hilo hilo, na watu walikuwa wakimsalimu kwa nyuma miaka yote hiyo. Kuhusu mawe, nilishuhudia mwenyewe: wapita njia walimrushia, naye alikuwa anayarudisha. Tulimpatia chumba kwa ndugu yake, ambaye naye alikuwa ameaminishwa kwamba mzee amerogwa. Kazi ile ilichukua muda mrefu, na sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kuyaondoa maneno ya watu yaliyokuwa yamemzunguka.

Nayasema haya ili mfahamu nilikuwa mtu wa namna gani nilipoketi katika Bodi.

Bodi iliundwa katika miaka yangu ya mwisho ya utumishi. Mji ulikuwa umekuwa makao makuu ya mkoa, nyumba za kupanga zilikuwa hazishikiki, na watu walilala kwenye vibaraza vya maduka. Likatoka wazo kwamba viongozi wa jamii waunde chombo cha kumaliza tatizo la watu wasio na makao. Niliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Afisa akimsihi mwenye nyumba asimtoe mjane, anaambiwa aende zake. Mzee anayeheshimika akisema maneno hayo hayo, anavutiwa kiti. Tulihitaji watu wa kuvutiwa viti.

Wakaja. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bura, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi na mzee wa kanisa. Alikuwapo Ustadhi Kassimu, mfanyabiashara wa vitambaa na mwalimu wa madrasa. Alikuwapo Mwalimu Neema, mstaafu wa shule ya msingi, ambaye nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Wengine walikuja kutikisa vichwa. Mimi nilikuwa katibu.

Katika kikao cha kwanza Mzee Bura alinikatiza kabla sijamaliza kueleza hali ilivyo.

"Katibu, tuanze na ukweli. Hakuna Mwafrika asiye na kwao. Mambo ya kukosa makao ni ya Ulaya."

"Mzee, hapo sokoni tu wapo watu..."

"Wapo wanaolala hapo. Sijasema hawalali. Nimesema wana kwao."

"Hata marehemu ana kwao, Katibu," akasema Ustadhi, na wajumbe wakacheka.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa letu sisi wenyewe, hatukuletewa na mtu. Sisi watu wa huku tunaamini kwamba kila mtu ana mahali anapongojewa: boma fulani, shamba fulani, makaburi ya wazee wake. Kwa mwanamume mwenye bahati, hilo ni kweli. Kwa mwanamke, kwao ni mahali anapovumiliwa maadamu yupo mwanamume aliye hai anayemtetea. Niliyaeleza haya kwa utaratibu. Nikaambiwa nina maneno mengi ya darasani. Bodi ikaamua kwamba njia yake ya kumaliza tatizo ni kumrudisha kila mtu kwao, na kwamba wa kwanza atakuwa Mama Restituta.

Mama Restituta alikuwa mjane aliyelala kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, jirani na soko. Mwenye mashine alimruhusu kwa kuwa alifagia pumba kila jioni. Aliitwa mbele ya Bodi, akaja na khanga safi, akasimama.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Mama, kwenu wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Nilikozaliwa au nilikoolewa?"

"Kote."

"Nilikozaliwa, kaka zangu waligawana. Nilikoolewa, shemeji zangu waligawana."

Kuna mjumbe aliyecheka. Mama hakucheka.

"Na huyo Restituta?"

"Ameolewa Kondoa, baba. Siwezi kwenda kulala kwa mkwe wangu."

Wote waliafiki mara moja kwamba haiwezekani. Mila ya mama kutolala kwa mkwewe waliijua vizuri. Ile ya mjane kutolewa nyumbani mwake walikuwa hawajawahi kuisikia.

Alipotoka, Mwenyekiti alitangaza kwamba amepata habari: mama huyu ana nyumba ya bati upande wa Dareda, ameiacha mwenyewe kwa kupenda mji, na shemeji yake Paskali analia usiku na mchana akimtaka arudi. Niliuliza ni nani kati yetu aliyeiona nyumba hiyo. Hakuna. Niliuliza ni nani aliyemwona Paskali akilia. Ustadhi akasema jambo hilo linajulikana. Niliomba niende kwanza. Niliambiwa mgeni rasmi amekwisha alikwa, fulana zimekwisha chapishwa, na hakuna haja ya kumpeleleza mtu kwao.

Nilikwenda bila ruhusa yao. Nilipanda bodaboda mpaka pale njia inapoanza kupanda kuelekea mlimani, nikaendelea kwa miguu. Nyumba ilikuwapo, ya bati kweli, na Paskali alikuwa akiishi ndani yake na familia yake. Alinipokea kwa heshima zote. Nilimwomba anionyeshe chumba ambacho shemeji yake angelala. Alisita, akafungua kufuli. Kilijaa magunia ya maharage mpaka kwenye mbao za paa, na kuku wawili walikuwa wameatamia.

"Akija nitamtafutia nafasi," alisema. "Tatizo la shemeji ni ukorofi tu, mzee wangu."

Nilimwomba anionyeshe kaburi la kaka yake. Alinionyesha kwa kidole akiwa mlangoni. Nilikwenda mwenyewe mpaka pale. Mahindi yalikuwa yamepandwa juu yake, mistari imenyooka, bila kukwepa chochote. Jirani mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa akipalilia ng'ambo ya ua. Nilimsalimu, nikamuuliza Mama Restituta aliondokaje. Alinitazama, akatazama nyumba.

"Mzee, usiniulize. Mimi naishi hapa."

Niliporudi niliwaeleza Bodi nilichoona: magunia, kuku, kufuli, mahindi juu ya kaburi. Yale ambayo jirani hakuyasema sikuyasemea. Mzee Bura alinisikiliza akiwa ametazama dirishani.

"Katibu, umeona chumba cha maharage. Maharage yanahamishika. Paskali nimeongea naye kwa simu, ameandaa mbuzi."

Wakapiga kura. Nilishindwa, na kura ya Mwalimu Neema ilikuwa upande wao.

Siku ya kumrudisha, pikapu mbili zilitoka mjini na spika kubwa. Mama Restituta alikaa nyuma ya ile ya pili, juu ya godoro jipya alilopewa na Bodi, uso wake umeelekea mjini. Mgeni rasmi alihutubia. Ustadhi Kassimu alimchinja mbuzi kwa mkono wake ili Waislamu na Wakristo wote wale kwa amani. Kisha wazee wa pale wakaleta pombe ya asali, wakamsimamisha Paskali na shemeji yake katikati. Kwa mila ya kule, neno linalosemwa pombe hiyo ikiwa mkononi mwa mzee halirudishwi nyuma.

Paskali akasema kwa sauti ambayo hata madereva waliisikia: "Mbele ya wazee na wageni, nyumba hii ni ya kaka yangu, na sasa ni ya shemeji. Mimi nilikuwa nailinda tu."

Wakapiga makofi, zikapigwa picha, wakala. Mimi nilikunywa maji.

Tulipokuwa tukiondoka, Mama Restituta alisogea kwenye pikapu na kuniambia taratibu, "Baba, wewe chumba ulikiona."

"Nilikiona, mama. Na nitarudi kukiona tena."

Nilirudi juma lililofuata. Hakuwapo. Godoro la Bodi lilikuwa kitandani mwa mwana wa Paskali, bado lina nailoni yake. Chumba cha maharage kilikuwa kama nilivyokiacha, ila kuku walikuwa wametotoa. Nilimkuta Mama Restituta mjini, ameketi kwenye jiwe mbele ya mashine ya kusaga. Alikuwa amelala jikoni, kwenye jivu, mpaka nalo jiko likafungwa kufuli, akatembea kwa miguu mpaka Babati. Na kibaraza chake hakikuwapo tena. Kilikuwa kimezungushiwa nondo.

"Sikutaka, mzee," mwenye mashine aliniambia. "Walikuja watu wa Bodi, wakasema tatizo limekwisha, wasije wakalala wengine."

Fikirini jambo hilo kwa makini. Kabla Bodi haijaundwa, mwanamke huyu alikuwa na kibaraza. Baada ya viongozi wa jamii kumsaidia, hakuwa na hata hicho, na masika yalikuwa yameanza. Nilikwenda dukani kwa Mzee Bura nikamweleza haya mbele ya wateja wake.

"Katibu, yule amekwisha rudi kwao," alisema. "Akiondoka tena, huyo ni mtalii."

Wateja walicheka. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sijalifanya kwa mtu mwingine yeyote wa umri wake.

Mke wangu alimpokea nyumbani kwetu Sigino, katika chumba cha nyuma. Baada ya muda mfupi ikawa inajulikana, kama asemavyo Ustadhi, kwamba katibu ameoa mke wa pili. Mke wangu alipoulizwa kisimani kama ni kweli, alijibu, "Kama ameoa, basi ni mimi niliyeposa." Hatukupoteza muda zaidi kwa hilo.

Kilichobaki kilikuwa baraza la ardhi. Mama Restituta hakuwa na karatasi yoyote, kama wanawake wengi wa huku wasivyo nayo. Paskali alidai kwamba nyumba ni yake, aliijenga yeye, na shemeji hakuwa mke wa ndoa. Lakini Paskali huyo huyo alikuwa amesema maneno mengine mbele ya pombe ya asali, na waliomsikia walikuwa watu wanaoaminika kuliko wote mjini. Sherehe ambayo niliipinga kwa nguvu zangu zote ilikuwa imegeuka kuwa ushahidi. Walitakiwa kufanya jambo dogo tu: kusimama na kusema walichokisikia.

Nilimwendea Mzee Bura. "Kulikuwa na muziki," alisema. "Sikusikia vizuri." Muziki ulizimwa Paskali aliposimama, na aliyeamuru uzimwe ni yeye.

Nilimwendea Ustadhi Kassimu. "Mimi kazi yangu ilikuwa kuchinja, Katibu. Sikuja kusikiliza."

Niliwaendea wengine. Huyu ana safari ya Arusha, huyu ana harusi, huyu mkewe ni jamaa wa Paskali. Nataka mwelewe kinachonikasirisha mpaka leo. Watu hawa waliamini kila neno walilosikia kwa wengine juu ya mjane asiye na mtetezi. Waliamini ana nyumba, waliamini anapenda mji, waliamini shemeji analia. Hawakuhitaji kuona. Lakini neno moja walilolisikia kwa masikio yao wenyewe, mchana, wakiwa na nyama mkononi, hilo wakasema hawana uhakika nalo. Uangalifu ulioadimika siku ya kumpakia kwenye pikapu ulipatikana tele siku ya kumtetea. Nimeona wezi katika kazi hii, na nimeona wanaume wanaopiga wake zao. Hao angalau walijificha. Hawa waliketi meza ya mbele.

Nilimwendea Mwalimu Neema wa mwisho, nikiwa sitarajii lolote. Alikuwa akichambua mchele uani.

"Nilipiga kura dhidi yako," alisema.

"Ulipiga."

"Nilidhani unajivuna." Aliendelea kuchambua. "Ni lini?"

Siku ya shauri alikuja na gauni lake la kanisani. Mimi nilieleza niliyoyaona na kuyasikia, naye akaeleza yake, neno kwa neno, kama anayesomea darasa imla. Paskali akapewa nafasi ya kumhoji.

"Mwalimu, wewe si ulikula mbuzi wangu?"

"Nilikula."

"Na sasa unanigeuka?"

"Nilikula mbuzi wa mtu aliyesema nyumba ni ya shemeji yake. Kama nyumba ni yako, basi niambie yule mbuzi alikuwa wa nini."

Watu waliokuwa kwenye mabenchi ya nyuma walicheka mpaka wakanyamazishwa. Paskali alikaa chini. Wazee wawili wa kijijini, walioapa kwamba hawatakuja, walipopata habari kwamba mwanamke wa mjini amekwisha lirudia neno la pombe yao, waliona aibu, wakaja kikao kilichofuata kulithibitisha. Yule jirani aliyekuwa akipalilia alikuja nao. Safari hii hakusubiri kuulizwa.

Nyumba ilirudishwa kwa Mama Restituta. Alihamia kabla ya mavuno, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa mahindi yaliyokuwa juu ya mume wake, mabichi, moja moja, na kuyaweka nje ya ua ili aliyeyapanda aje ayachukue.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Katika majuma yangu ya mwisho Mzee Bura alinitaka niandike kwamba Bodi imefanikiwa kumrejesha mjane katika nyumba yake. Nilimjibu kwamba sijaona Bodi ikifanya hivyo. Akaamua kwenda kujionea mwenyewe, jambo ambalo lingekuwa la kusifiwa kama lingefanyika mwanzoni. Alikwenda na wajumbe na mpiga picha, nami nikaenda nao kwa sababu bado nilikuwa katibu.

Mama Restituta alitupokea vizuri. Alitoa viti, akavipanga uani, akaleta chai ya maziwa na viazi. Tulipokwisha kunywa, Mzee Bura alisimama, akaweka koti lake sawa, akaelekea mlangoni.

"Mama, tuingie basi tupige picha moja humo ndani."

Mama Restituta alikuwa amefika kizingitini kabla yake. "Hapana, mzee. Chai yenu ni hapo nje."

"Sisi ni wageni wako, mama."

"Ndiyo maana nimewapa chai. Mara ya kwanza mlinileta humu bila kuniuliza. Leo nimeulizwa, na nimejibu."

"Hata Mwenyekiti?"

"Wewe hasa."

Aliingia, akafunga mlango, tukasikia komeo. Mpiga picha alifunga kamera yake, Mwenyekiti akarudi kwenye kiti chake. Mimi pia hakuniita ndani. Nilimalizia chai yangu pale pale uani pamoja na wenzangu wa Bodi, nikaweka kikombe kwenye sinia, na hakuna siku katika kazi yangu niliyotoka nyumbani kwa mtu nikiwa nimeridhika kama siku ile.